Kivumishi góður katika Kiaislandi na Kifaroe: Asili Yake, Sarufi Yake na Suala la Tahajia

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa lugha za Kibantu huzoea mapema kwamba kivumishi hakisimami peke yake. Mtu ni mwema, watu ni wema; jambo ni jema, mambo ni mema; chakula ni chema, safari ni njema. Shina -ema halina budi kungojea nomino, na nomino ndiyo ilipayo kiambishi. Upatanisho huu umeelezwa mara nyingi kana kwamba ni sifa ya pekee ya lugha za Kibantu, na wako waliouona kuwa mzigo usiokuwa na faida. Dai la namna hiyo haliwezi kupimwa kwa kutazama Kibantu peke yake. Sharti lipimwe pia kwa lugha nyingine zilizo na upatanisho, hasa zile zisizokuwa na udugu wowote na Kibantu.

Makala haya yanachunguza kivumishi kimoja, góður, chenye maana ya "-ema" au "-zuri", katika lugha mbili za kaskazini ya Ulaya. Lugha hizo ni Kiaislandi, lugha ya watu wasiofika laki nne, na Kifaroe, lugha ya visiwa 18 vyenye wakazi zaidi kidogo ya 50,000. Lugha hizi ni ndugu wa karibu. Zote mbili zimetokana na Kinordiki cha Kale kilichochukuliwa na mabaharia kutoka Norwei katika karne ya 9. Neno góður huandikwa kwa herufi zile zile katika lugha zote mbili, lakini halitamkwi sawa. Tofauti hiyo kati ya maandishi na matamshi ndiyo inayolifanya neno hili listahili kuchunguzwa na kila anayeshughulika na tahajia za lugha za Kiafrika.

2. Asili ya neno

Góður ni neno la urithi, si la mkopo. Ndugu zake waonekana katika lugha zote za Kigermaniki: Kiingereza good, Kijerumani gut, Kiholanzi goed, Kidenmark na Kiswidi god, na Kigothi, lugha iliyokufa zamani, gōþs. Kwa kulinganisha maumbo haya wanaisimu wameunda upya umbo la mama, *gōdaz. Nyota iliyo mbele ya neno yaonyesha kwamba umbo hilo halikupatikana katika maandishi yoyote, bali limekisiwa kwa kufuata kanuni za mabadiliko ya sauti. Kanuni hizo ziliwekewa msingi na Rasmus Rask wa Denmark katika kitabu chake cha 1818, na Jacob Grimm wa Ujerumani akazipanga kwa utaratibu mwaka 1822.

Nyuma ya *gōdaz upo mzizi wa Kihindi-Kiulaya wenye maana ya kuunganisha na kulingana. Mzizi huo huo, ukiwa na irabu fupi, umezaa neno la Kiingereza gather, "kukusanya", na together, "pamoja". Katika lugha za Kislavoni umezaa maneno yahusuyo kufaa na wakati ufaao. Kirusi godnyj maana yake ni "-a kufaa", na god ni "mwaka". Basi maana ya kwanza ya góður haikuwa wema wa moyo. Kitu kilikuwa góður kwa sababu kiliingia mahali pake, kama mpini uingiavyo katika shoka. Kutoka kufaa maana ilipanuka ikawa uzuri, kisha ukarimu na wema. Msemaji wa Kiswahili hatashangaa, maana naye husema "mtu huyu hafai" hali akikusudia tabia ya mtu wala si kipimo chake.

Yafaa kuondoa hapa kosa lienezwalo mara kwa mara, kwamba neno hili lina asili moja na jina la Mungu. Katika Kiingereza god na good hufanana, na watu wengi wamejenga hoja za kidini juu ya kufanana huko. Lakini katika Kiaislandi Mungu ni guð, kwa irabu fupi u, na "-ema" ni góður, kwa ó iliyokuwa ndefu. Irabu hizi mbili zatoka katika mizizi tofauti, wala hakuna kanuni ya sauti iwezayo kuzikutanisha. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa udugu.

Kiishio -ur nacho kina historia. Katika Kinordiki cha Kale neno lilikuwa góðr, likiishia kwa konsonanti mbili. Mwishoni mwa Zama za Kati irabu u ilipenya kati ya konsonanti hizo ili kurahisisha matamshi, kama Kiswahili kinavyopenyeza irabu katika maneno ya mkopo. Hiyo -r yenyewe ni mabaki ya *-az, inayolingana na -us ya Kilatini na -os ya Kiyunani. Kwa hiyo katika góður wa leo kimo bado kiishio kilichokuwa hai miaka elfu kadhaa iliyopita.

3. Upatanisho katika Kiaislandi

Nomino za Kiaislandi zimegawanyika katika jinsia tatu za kisarufi: ya kiume, ya kike na ya kati. Kivumishi hufuata jinsia ya nomino, idadi yake, na pia uhusika wake, yaani kazi aifanyayo nomino katika sentensi: kuwa kiima, kuwa shamirisho, kuwa mpewa au kuwa mmiliki. Maumbo ya góður katika mnyambuliko uitwao "wa nguvu" ni haya, yakipangwa kiume, kike, kati:

Umoja
Kiima: góður, góð, gott
Shamirisho: góðan, góða, gott
Mpewa: góðum, góðri, góðu
Mmiliki: góðs, góðrar, góðs

Wingi
Kiima: góðir, góðar, góð
Shamirisho: góða, góðar, góð
Mpewa: góðum kwa jinsia zote
Mmiliki: góðra kwa jinsia zote

Kwa hiyo husemwa góður hestur, "farasi mzuri"; góð bók, "kitabu kizuri"; gott hús, "nyumba nzuri". Farasi ni wa jinsia ya kiume, kitabu ni cha jinsia ya kike, nyumba ni ya jinsia ya kati, wala hakuna sababu ya kimaumbile iwezayo kutolewa. Hapa jinsia za Kiaislandi zafanana na ngeli za Kibantu: ni utaratibu wa kuyapanga majina, na mtoto huurithi kwa kusikia.

Hata hivyo ipo tofauti moja kubwa. Katika Kiswahili uhai wa kiumbe hushinda umbo la jina. Kiongozi ni neno lenye ki-, lakini husemwa kiongozi mwema, wala si *kiongozi chema. Katika Kiaislandi umbo la jina ndilo litawalalo kivumishi kilichoambatana nalo. Neno skáld, "mshairi", ni la jinsia ya kati. Hata mshairi akiwa mwanamume huitwa gott skáld. Kwa upande mwingine, watajwapo mwanamume na mwanamke pamoja, kivumishi cha kuwaarifu huchukua jinsia ya kati katika wingi, góð, kwa kuwa jinsia hiyo haimpendelei yeyote kati yao.

Maumbo mawili yahitaji maelezo zaidi. La kwanza ni gott. Kiishio cha jinsia ya kati ni -t, nacho kilipokutana na ð ya shina, konsonanti hizo mbili zikawa tt, na irabu iliyotangulia ikafupika. Jambo hilo hilo latokea katika glaður, "-enye furaha", ambalo huwa glatt. La pili ni góð, umbo la kike lisilokuwa na kiishio chochote. Zamani lilikuwa na -u mwishoni. Irabu hiyo ilidondoka, lakini kabla ya kudondoka iliibadilisha irabu a ya shina katika maneno mengine. Ndiyo sababu svartur, "-eusi", huwa svört katika jinsia ya kike, na gamall, "-a zamani, -zee", huwa gömul. Irabu ó haikuathirika, kwa hiyo góð imebaki shina tupu.

Upo pia mnyambuliko wa pili, uitwao "dhaifu", utumikao nomino inapokuwa mahususi. Góður maður ni "mtu mwema" asiyejulikana. Góði maðurinn ni "yule mtu mwema" ambaye msemaji na msikilizaji wanamfahamu. Katika mnyambuliko huu viishio ni vichache mno: góði, góða na góðu vyatosha kwa jinsia, idadi na uhusika wote. Chanzo cha tofauti hii chajulikana. Viishio vya mnyambuliko wa nguvu, kama -an, -ri na -ra, kwa sehemu kubwa viliazimwa kutoka vionyeshi vya kale. Ndiyo maana góðan yafanana na þann, "huyo", na góðra yafanana na þeirra, "-ao". Viishio vya mnyambuliko dhaifu vilitoka katika aina fulani ya nomino. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka kwamba kwetu pia kivumishi kina seti mbili za viambishi: mtu mwema huchukua kiambishi cha nomino, lakini mtu huyu na watu wote huchukua viambishi vya namna nyingine.

Maumbo yote yakihesabiwa, mnyambuliko wa nguvu na ule dhaifu pamoja una nafasi 48, lakini maumbo yanayotofautiana ni 14 tu. Mtu akihesabu maumbo ya -ema katika ngeli za Kiswahili (mwema, wema, myema, jema, mema, chema, vyema, njema, pema, kwema) atapata 10. Mzigo wa Mbantu si mzito kuliko wa Mwaislandi.

4. Daraja za ulinganishi

Góður haina daraja zake yenyewe. Katika kulinganisha, shina jingine huingia: betri, "bora zaidi", na bestur, "bora kuliko vyote". Hali ni hiyo hiyo katika lugha zote za Kigermaniki. Shina hili la pili lina udugu na bót, "kiraka" au "fidia", na batna, "kupata nafuu". Kwa asili, basi, kitu kilicho betri ni kitu kilichotengenezwa kikatoka katika ubovu. Maneno yatumikayo kila siku ndiyo yawezayo kuhifadhi ukaidi wa namna hii, kwa kuwa mtoto huyasikia mara nyingi kabla hajajifunza kanuni ya jumla. Umbo bestur liliandikwa beztur katika Kiaislandi mpaka herufi z ilipoondolewa katika tahajia mwaka 1973.

Kielezi nacho hakitokani na góður. Vivumishi vingi vya Kiaislandi hutoa kielezi kwa kutumia umbo la jinsia ya kati, kama Kiswahili kitumiavyo kiambishi vi- kupata vizuri na vyema. Lakini "vyema" kwa Kiaislandi ni vel, na kwa Kifaroe væl, neno la asili nyingine kabisa.

5. Kifaroe: kilichobaki na kilichopotea

Kifaroe kimehifadhi jinsia tatu na sehemu kubwa ya mnyambuliko, lakini kimeupunguza mahali kadhaa. Mahali pa kwanza ni uhusika wa mmiliki. Maumbo kama góðs yamo katika vitabu vya sarufi, lakini katika mazungumzo umiliki huonyeshwa kwa vihusishi. Pili, katika wingi wa jinsia ya kiume, shamirisho ni góðar, sawa na la kike, ambapo Kiaislandi husema góða. Tatu, mpewa wa jinsia ya kati ni góðum kama wa kiume, na mpewa wa jinsia ya kike ni góðari. Nne, betri imeacha kubadilika kwa jinsia: Mwaislandi husema það er betra, "hilo ni bora", lakini Mfaroe husema tað er betri.

Kifaroe pia kimeongeza. Kina kibainishi cha "mmoja" kitangulialo nomino isiyo mahususi, ein góður maður, ambacho Kiaislandi hakina. Nomino ikiwa mahususi, umahususi hutajwa mara mbili, mbele na nyuma: tann góði maðurin.

Lugha zote mbili zimehifadhi uhusika wa kale katika salamu. Góðan dag, "siku njema", na góða ferð, "safari njema", yamo katika hali ya shamirisho, kwa sababu nyuma yake kuna kitenzi cha kutakia ambacho hakitajwi tena. Katika Kiaislandi, mgeni ashukurupo kwa chakula, mwenyeji hujibu verði þér að góðu, yaani "na kikuwie kwa wema". Hapo lipo umbo la mpewa, góðu. Watu waweza kusahau kanuni, lakini salamu hukumbuka kwa niaba yao.

6. Herufi isiyotamkwa

Katika Kiaislandi herufi ð hutamkwa kama dh ya Kiswahili katika dhahabu, na ó hutamkwa ou. Katika Kifaroe ð haitamkwi kabisa. Mahali pake kati ya irabu mbili pametokea w hafifu, hata góður husikika kama gouwur. Tena, katika sehemu kubwa ya visiwa hivyo kiishio -um hutamkwa -un. Basi góðum huandikwa kwa ð isiyosikika na kwa m isomwayo n.

Hali hii haikujitokeza yenyewe. Kwa karne nyingi Kifaroe kilikuwa lugha ya mdomo. Kidenmark ndicho kilichotawala kanisani, mahakamani na shuleni. Jens Christian Svabo, aliyekusanya tenzi za visiwani mwaka 1781 na 1782, aliandika kama alivyosikia. Mwaka 1846 V. U. Hammershaimb, kasisi mzaliwa wa visiwa hivyo, alileta tahajia iliyofuata asili ya maneno badala ya matamshi. Akairudisha ð mahali ilipokuwa katika Kinordiki cha Kale. Mwaka 1889 mwanaisimu Jakob Jakobsen, naye Mfaroe, alipendekeza tahajia ifuatayo sauti. Pendekezo lake halikushinda, na tahajia ya Hammershaimb ndiyo msingi wa maandishi ya Kifaroe hata leo.

Hoja ya Jakobsen ilikuwa na nguvu. Mtoto wa Kifaroe hawezi kujua kwa sikio ni wapi aandike ð. Hana budi kukariri neno kwa neno. Lakini upande wa pili nao una hoja zake. Kwanza, matamshi ya irabu ó hutofautiana kisiwa na kisiwa. Tahajia ya sauti ingelazimika kuchagua lahaja moja na kuzifanya nyingine kuwa makosa. Tahajia ya asili haikuwa matamshi ya mtu yeyote, kwa hiyo haikumdhalilisha yeyote. Pili, Mfaroe anayesoma góður aweza kusoma Kiaislandi bila taabu kubwa, ingawa masikio yake hayakielewi kwa urahisi. Tatu, lugha iliyodharauliwa kuwa lahaja ilionyesha kwa macho ukoo wake na lugha ya fasihi kongwe. Mwaka 1948, Sheria ya Utawala wa Ndani ilipokitambua Kifaroe kuwa lugha kuu ya visiwa, kilikuwa tayari na maandishi ya karne nzima.

Ipo pia hoja ya kitaalamu. Katika Kifaroe, irabu ó ilipofuatwa na irabu nyingine moja kwa moja, konsonanti gv zilizuka kati yake: Kiaislandi róa, "kupiga makasia", ni Kifaroe rógva. Lakini góður halikuwa *gógvur. Sababu ni kwamba wakati badiliko hilo lilipokuwa likitendeka, ð ilikuwa bado yatamkwa na kuzitenga irabu hizo mbili. Herufi iliyo kimya yaeleza kwa nini neno lina sauti lilizo nazo.

7. Hitimisho

Kiswahili katika hati za Kilatini kilifuata njia ya sauti, na usanifishaji ulioongozwa na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki tangu 1930 ulichagua Kiunguja kuwa msingi. Faida yake haina ubishi: mwanafunzi ajuaye herufi aweza kusoma neno lolote. Hata hivyo njia hiyo haikukosa gharama. Mvita hutofautisha paa la nyumba na paa mnyama kwa mpumuo wa p, lakini tahajia sanifu haimpi alama ya tofauti hiyo. Na msemaji wa bara atamkaye zahabu na zambi afundishwa kuandika dhahabu na dhambi. Mbele ya herufi hizo yeye na mtoto wa Kifaroe wako katika hali moja. Na kwa sadfa, sauti waiandikayo bila kuitamka ni ile ile moja.

Hakuna tahajia ifuatayo sauti za watu wote, kwa kuwa watu wote hawana sauti moja. Mwenye kuandaa maandishi ya lugha isiyoandikwa bado, yenye lahaja tano au sita, hana budi kuamua ni nani atakayebeba mzigo: mwanafunzi wa kila lahaja kwa kiasi kidogo, au wanafunzi wa lahaja zote isipokuwa moja kwa kiasi kikubwa. Wafaroe walichagua njia ya kwanza, na góður ni mojawapo ya maneno yanayoonyesha bei waliyolipa na kile walichokinunua kwa bei hiyo.